Chuma Iliyokosa wa Kuibeba

Hapana, dada Halima, kusoma nilisoma! Pale zahanati ni mimi nafundisha akina mama kwamba chuma ya kidonge haiingii kwenye damu yenyewe, inabebwa na protini. Juzi mmoja wao, Mama Hawo, akaacha vidonge, akataka kunieleza alichoona chooni. Sikumsikiliza. Nikamwita mwoga.

Jana nikameza vyangu, viwili badala ya kimoja, nipate nguvu haraka. Leo choo cheusi kama makaa!

“Ayeeyo, nakufa!” nikamlilia bibi. Akaanza kunisomea Yasini, majirani wakajaa. Dresa, yule mhudumu wa zahanati, akaja mbio, akaniuliza maswali mawili, akacheka mpaka akakaa chini.

“Mwalimu, hiyo ni chuma imekosa protini ya kuibeba. Imejitokea tu!”

Kesho asubuhi, kafyu ya usiku ikiisha, nakimbia kwa Mama Hawo kuomba msamaha.