Pamba Iliyoanguka Dirishani

Juzi niliitazama tena ile katuni ya binti aliyepotea msituni, sebuleni kwangu Buhongwa, mimi na mwanangu wa kike. Safari hii haikuwa na mtafsiri.

Mara ya kwanza niliionea Kirumba, kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea video kwa kiingilio, nikiwa na miaka saba. Mtafsiri alikuwa baba mdogo. Alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akapunguza sauti ya filamu, akasema yeye badala ya wahusika wote. Watu walikuja kumsikia yeye kuliko kutazama picha. Siku hizo mama hakuwepo nyumbani. Niliambiwa amekwenda kwao Magu kuvuna pamba.

Filamu inaanza dirishani. Mama anamsuka binti yake, nje theluji inaanguka. "Oneni pamba hiyo!" akasema baba mdogo, na banda zima likacheka. Mpaka leo sijaona mchoro mzuri kama ule. Vidole vinapita kwenye nywele bila haraka, mtoto anasinzia, kichwa kinamwangukia mama mapajani. Mama yangu alinisuka hivyo hivyo.

Kisha watu wenye nguo nyeusi wanapita kwenye theluji na mishumaa. Hapo baba mdogo alisimama, mgongo wake ukaziba nusu ya kioo. "Wanamsindikiza mama stendi. Anakwenda Magu kuvuna pamba. Usilie mtoto, mama anarudi!" Hakuna aliyecheka, wala aliyemwambia akae. Mwanamke nyuma yangu akaguna, "Masikini." Nilidhani anamhurumia mtoto wa kwenye picha.

Mwishoni binti anagonga mlango, malkia mwenye joho jeupe anamfungulia. "Mama karudi!" akatangaza baba mdogo. Nilipiga makofi hadi viganja vikawasha, nikakimbia nyumbani kufagia uwanja ili mama akute pasafi. Nilifagia msimu mzima wa pamba. Habari kwamba alishazikwa huko Magu niliipata kwa mtoto mwenzangu shuleni, tukigombania dawati.

Juzi ndipo nilipoona ile nusu ya kioo iliyozibwa. Kuna jeneza, limechorwa kwa uangalifu mkubwa, na theluji inatua juu yake. Na yule malkia si mama yake, ni mwenye nyumba tu.

Nikampigia baba mdogo simu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini alisimama.

"Ulikuwa mdogo, ungelia," akasema. "Na siku ile nilitafsiri vizuri. Hata baba yako alinisifu."

Nilikata simu. Nina hasira naye, na baba, na kila mtu mzima aliyekaa kwenye mabenchi yale akijua.

Maana mwanangu naye aliuliza, tulipofika kwenye mishumaa: "Mama, wamembeba nani?"

"Mama yake. Amekufa, wanakwenda kumzika."

"Hatarudi?"

"Hatarudi."

Akalia, akanilalia kifuani, kanga yangu ikalowa. Kisha akajifuta kwa mkono, akasema turudishe nyuma, anataka kumwona tena yule mama akisuka.

Nikarudisha. Kumbe kilio chenyewe walichokiogopa Kirumba nzima kilikuwa hicho tu.