Shokapu Mbili za Mbele

Baba mdogo alikuja Sumbawanga na gari linalodunda. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, alilinunua likiwa limeshatumika, na barabara ya kutoka Tunduma ilikuwa imeziua shokapu zote mbili za mbele, zile zinazolizuia gari lisirukeruke. Alikuwa amemwoa mdogo wake mama. Hawakujaliwa mtoto, na safari hiyo walikuja kumchukua mdogo wetu wa mwisho.

Wazazi wetu walifariki wakifuatana, yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Mimi, mkubwa, niliacha shule darasa la nne nikaingia gereji, ili wadogo zangu watatu wasigawanywe. Nilijitahidi miaka minne. Lakini msimu wa baridi uliopita yule wa mwisho alikohoa mpaka wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua akalelewe na mama mdogo. Nami nikakubali.

Shokapu mpya zilikuwa ndani ya boksi. Hazikutoka kiwanda kilichotengeneza gari. Zilikuwa za kutumbukiza ndani ya bomba la zamani, baada ya kutoa vyuma vilivyokwisha na kumwaga mafuta machafu. Mwenye gereji alinipa mimi kazi hiyo, akaniambia kwa sauti ya chini nisiwe na haraka.

Kabla sijaanza nilimpandisha mdogo wangu juu ya boneti, nikalikandamiza gari kwa mikono. Likadunda juu chini, juu chini, naye akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha nikalipandisha kwa jeki, nikafunga springi kwa minyororo zisiruke, nikaanza kufungua. Alikaa kwenye tairi nililolilaza chini, amevaa gauni jipya aliloletewa na mama mdogo, akiniuliza jina la kila spana.

Nilipotumbukiza shokapu ya kwanza, ikacheza ndani ya bomba. Ilikuwa fupi kwa upana wa kidole.

Baba mdogo akainama. "Vipi, zinakaa?"

Ningesema hazikai, nani angebisha? Zingeagizwa nyingine, wiki zingepita, na mdogo wangu angekuwa bado nyumbani. Nikamtazama. Alikuwa anakohoa, akipangusa pua kwa mkono wa lile gauni.

"Zinakaa, baba mdogo," nikasema. "Zinataka pete tu kwa chini."

Nikakata pete mbili kutoka kipande cha bomba, nikazisugua kwa tupa mpaka zikalingana. Nikamimina mafuta kidogo kuzunguka kila shokapu, nikakaza nati. Sijawahi kukaza nati vizuri kama zile.

Gari liliposhushwa, mdogo wangu akataka tena mchezo wa asubuhi. Nikampandisha juu ya boneti, nikakandamiza kwa uzito wangu wote. Gari likapanda mara moja, likatulia.

"Kaka, mbona halichezi?"

"Limepona."

"Lifanye liumwe tena."

Mama mdogo akamshusha polepole, akamwingiza ndani. Mimi nilikuwa nimemwambia anakwenda kutembea tu.

Waliondoka kupitia mtaa wa Mazwi. Pale, hatua chache kutoka gereji, kulikuwa na mtaro uliokatiza barabara, na kila gari lililopita liliwarusha abiria wake. Nilisimama nikikitazama kichwa chake kwenye kioo cha nyuma. Alikuwa amenigeukia. Gari likavuka mtaro, na kichwa chake hakikutikisika hata kidogo.