Kifuniko cha Buluu

Dada mkubwa alikuwa amesimama mbele ya tanuri la mikate kwa miaka kumi na minane, na tanuri lilikuwa limemlipa usoni. Mashavu yalikauka na kubabuka, mikono ikawa na makunyanzi ya mtu aliyemzidi umri mbali. Mikate hiyo ndiyo iliyomlea na kumsomesha mdogo wake. Kwa hiyo mdogo mtu alipopata kazi ya kukamua juisi katika jiko la utafiti la chuo, akasikia wanatafutwa watu wa kuinywa, jina la kwanza alilolipeleka lilikuwa la dada yake.

Utafiti ulikuwa wa wiki nane. Kila asubuhi mshiriki alipokea chupa moja kwenye dirisha la jiko na kuinywa hapo hapo. Kila Ijumaa aliweka kiganja kwenye kimashine kinachoimulika ngozi na kutoa namba: kiasi cha antioksidanti, vile viini vya matunda na mboga vinavyosaidia kuulinda mwili, vilivyojikusanya ngozini. Daktari mwenye utafiti alitaka kujua kama juisi inaipandisha namba hiyo. Chupa za kifuniko cheupe zilikuwa na juisi ya karoti na machungwa. Za kifuniko cha buluu zilikuwa maji ya sukari yaliyotiwa rangi na harufu. Maana ya vifuniko hivyo hata daktari hakutakiwa kuijua mpaka mwisho. Aliyeijua ni mdogo mtu, mkamuaji, naye alikuwa ametia saini kwamba hatafungua mdomo.

Kura ikapigwa. Dada akaangukia buluu.

“Mdogo wangu, nitang’aa mpaka wateja wasahau kilichowaleta,” alisema asubuhi ya kwanza, akaigida chupa yote. Mkamuaji akacheka kicheko cha kuazima.

Washiriki walikatazwa kula matunda mengine, namba zisije zikachanganyika. Wiki ya tano, nyumbani, mkamuaji alikata papai na kumsogezea dada yake sahani. Dada akairudisha.

“Masharti ni masharti. Wewe mwenye kazi ndiye unayetaka kuniharibia?”

Kisha akasimulia, huku akiokota makombo mezani, kwamba Ijumaa alichungulia begani kwa karani akaona namba yake imeshuka tena. Wenzake kadhaa walikuwa wanapanda.

“Labda ngozi yangu imeshakufa,” alisema. “Haipokei kitu.”

Mkamuaji alikusanya vyombo akaenda kuviosha.

Jumatatu alijaza chupa ya dada juisi halisi, akaifunga kwa kifuniko cha buluu. Akafanya hivyo kila siku kwa wiki tatu zilizobaki. Namba ikaanza kupanda. Dada akawa anapita mtaani anaimba, akimwonyesha kila mtu kiganja kama mtoto aliyepewa pete.

Utafiti ulipokwisha daktari alifungua siri ya vifuniko, akakuta mtu mmoja wa buluu amepanda peke yake. Alimwita mkamuaji. Kabla ya swali la pili, mkamuaji alishakiri. Daktari hakupaza sauti. Alisema namba zote za dada zitafutwa, na za wengine nazo sasa zitatiliwa shaka, kisha akaomba aproni na funguo.

Mkamuaji alitoka hapo moja kwa moja hadi kwenye tanuri, dada asije akaipata habari kwa watu. Alieleza yote amesimama. Moyoni alitumaini, kwa upumbavu wake, kwamba zile wiki tatu zingemtetea.

Dada aliendelea kuvuta trei.

“Wiki tano,” alisema.

“Nilitia saini, dada.”

“Ulipokuwa unanipa chupa, ulikuwa unaniambia nini?”

Wote wawili walikumbuka: kunywa yote, dada, usibakize.

“Nikakaa mezani nikakwambia ngozi yangu imekufa. Ukanisikia. Ukaenda kuosha vyombo.”

“Ndiyo maana nikabadilisha.”

“Na hilo pia hukuniambia. Nimezunguka mtaa mzima na kiganja changu.”

Trei nyingine ilikuwa tayari, nayo ilikuwa ya moto, na mkamuaji alikuwa amesimama njiani.

“Samahani, naomba nipite,” dada alisema, kwa adabu ile ile aliyowapa wateja asiowajua.