Kiranja wa Bandarini na Ubao Ulioita Familia Mbili

Meli mbili zimefunga gatini asubuhi moja, nyeupe na ya buluu, kila moja ndefu kuliko mtaa mzima. Ngazi zimeshushwa. Ndani ya lango la bandari, nyuma ya kamba ya manjano, mwanamke mfupi mwenye kofia pana na raba nyeupe ameinua ubao juu ya kichwa. Umeandikwa jina la ukoo la wageni wake, kwa herufi ambazo hata mtu aliyesahau miwani kitandani atazisoma.

Pembeni yake jamaa mmoja mwenye kifua kipana anapasua hewa. "Ghuba! Mnara! Minanasi! Gari lina kiyoyozi!"

"Wewe Mnada, wageni hawajashuka. Unawauzia kunguru?"

"Napasha koo, dada. Wewe umeshapata wako mtandaoni umetulia. Sisi wengine tunaishi kwa mdomo."

Mnada anaitwa hivyo kwa sababu ya hiyo sauti. Mwanamke naye, bandari nzima inamwita Kiranja. Ana kawaida ya kuhesabu wageni vichwa kila wanapopanda gari, na kuwafokea kwa adabu wakichelewa. Kazi yake ni kuwatembeza kisiwani abiria wa meli za kitalii ambao hawataki mabasi ya wengi: wanamwandikia kabla ya safari, wanakubaliana bei na njia, meli ikifika anawapokea.

Leo ana roho juu, na si yeye peke yake. Miaka yote waongozaji wa kujitegemea walisimama ng'ambo ya barabara, upande wa jua, jirani na pipa la taka, huku kampuni kubwa ya mabasi ikiwadaka wageni mlangoni. Msimu huu kumi na wawili kati yao waliruhusiwa kuingia ndani kwa majaribio. Msimamizi wa lango, mzee mkavu asiyecheka na mtu, aliwapa sharti moja.

"Abiria mmoja tu akiachwa na meli kwa sababu yenu, wote mnarudi pipani."

Majaribio yanaisha leo jioni.

Kiranja anaijua bandari hii kwa ndani kuliko wengi. Kwa miaka minne alikuwa mhudumu wa vyoo vya ukumbi wa wasafiri. Mshahara wa mwezi ulikuwa ukilipa kodi ya chumba kimoja, halafu unabaki wa kusimulia. Lakini masikio yalikuwa bure.

"Watu wakinawa mikono hawana siri," anasema. "Wanarudi kutoka kwenye basi, wanasimama mbele ya kioo, wanaanza kulalamika. Tumekaa foleni saa nzima. Tumepelekwa duka moja, mkufu uleule. Bibi yangu anataka kukaa chini hakuna anayemsikiliza. Mimi napiga deki, nasikiliza. Kiingereza changu chote ni cha malalamiko!"

Malalamiko hayo ndiyo aliyoyageuza biashara. Mume wake, fundi seremala, aliuza mashine yake ya randa wakalipia gari la kwanza, bovu lililohitaji kusukumwa. Mdogo wa mume, yaani shemeji yake, akawa dereva. Kwa safari moja wanatoza dola mia moja na sitini, kwa gari zima, na msimu mzuri unaleta safari tatu kwa wiki. Msimu mbaya, Shemeji anarudi kubeba matofali.

Shemeji ana sifa moja: hasemi. Kiranja anadai mwaka mzima amemsikia akitamka maneno kumi mbele ya wageni, na manane yalikuwa "samahani".

Wageni wa leo waliandaliwa na mwanamume ambaye nyumbani kwa Kiranja wamempa jina la Bwana Maswali. Aliandika barua pepe zaidi ya thelathini. Je, mikanda ya gari inafanya kazi? Je, kuna ngazi nyingi mnarani? Je, mbuzi wa kisiwani wanauma? Mwisho akaeleza kwamba watakuja sita, au wanne tu, kwa kuwa wakwe zake bahari huwachafua tumbo.

Sasa wanakuja wanne. Bibi mmoja mwenye fimbo, binti yake wa makamo na wajukuu wawili wa kike. Bibi anauona ubao, anasimama, anashika kifua.

"Ni sisi! Jina letu!"

"Karibuni sana. Na wengine, mama?"

"Wamelala. Bahari imewachosha."

"Poleni. Nilijua."

"Mwanangu ndiye aliyepanga yote haya, sivyo?"

"Ndiye, mama. Tena kwa maswali mengi."

Bibi anamkumbatia mpaka kofia inadondoka. Kiranja anahesabu vichwa, wanne. Shemeji anawasha gari.

Safari inakwenda kama siagi kwenye mkate wa moto. Bibi anachekeshwa na kila kitu. Mnarani anaonyeshwa benchi la kivulini, asipande ngazi. Anashukuru kama aliyepewa nyumba. Wajukuu wanapiga picha hadi simu zinachemka. Gari linashuka upande wa pili wa kisiwa, kwenye ghuba ya mawe meusi, na Bibi anavua viatu na kutia miguu majini.

Hapo ndipo simu ya Kiranja inalia.

"Kiranja, uko na nani?" Ni Mnada.

"Na wageni wangu."

"Wageni wako ninao mimi hapa langoni. Wako sita, wametokea sasa hivi, wanasema walisubiri wakwe wapate nafuu. Mmoja ana karatasi mkononi, na ameshaniuliza kuhusu mbuzi."

Kiranja anakaa juu ya jiwe.

Anamtazama Bibi, anainuka, anamfuata taratibu. "Mama, meli yenu ni ipi?"

"Ile nyeupe."

Bwana Maswali ni wa meli ya buluu, inayong'oa nanga saa kumi na mbili jioni. Nyeupe inaondoka saa nane mchana. Ratiba yote ya leo ilipangwa kwa saa za buluu, na barabara ya kurudi bandarini ni moja tu, ya kona na vilima.

Kumbe jina lenyewe, huko kwao, ni la kawaida kama mchanga. Bibi alisafiri kwa tiketi aliyolipiwa na mwanawe kwa ajili ya kutimiza miaka themanini, na mwana huyo alikuwa amemwambia atafurahi njiani. Alipoona jina lake juu ya ubao katika nchi asiyoijua, akaona ndiyo hiyo furaha. Nani angemlaumu?

Kiranja angeweza kukaa kimya. Awarudishe haraka, aseme ratiba imebadilika, Bibi aondoke na ndoto yake. Anakiri wazo hilo lilimpitia akilini, likapita.

"Mama, nimekosea. Ubao haukuwa wako. Simjui mwanao, na yeye hanijui."

Binti anageuka kama aliyechomwa sindano. "Kwa hiyo tumeibiwa?"

Bibi anatazama maji yakimcheza vifundoni. Kisha mabega yanaanza kutikisika, kicheko kinatoka chote.

"Tumeiba sisi! Nilipaswa kujua. Mwanangu hajawahi kupanga hata chakula chake cha usiku. Sasa unanishusha hapa?"

"Sijawahi kumshusha mtu. Vaa viatu, mama. Tunakimbia."

Kwa simu anampa Mnada maagizo: wachukue hao sita, uje nao huku, tupokezane njiani.

"Na mimi wageni wangu wa leo?"

"Una wageni?"

Mnada anavuta pumzi. "Usinitukane, naja. Lakini yule bibi akiachwa, dada, tunaliwa wote. Nimeshaizoea ile kamba ya manjano."

Wako katikati ya njia, kwenye kona ya kilima, Shemeji anapokanyaga breki. Lori la mchanga limekatika ekseli na kulala mshazari, pua ukingoni, mkia nusura uguse ukuta wa mawe. Vijana wa kupakua wamekaa juu ya mchanga wanakula karanga.

"Gari linapita?" Kiranja anauliza.

"Baiskeli inapita," mmoja anajibu. "Ikiwa nyembamba."

Binti wa Bibi ameanza kulia. Saa ya gari inasomeka saa saba kasoro. Kiranja anashuka, anaufuata ule mwanya kati ya lori na ukuta, anatokeza upande wa pili, na kulikuta gari la Mnada ndiyo kwanza linasimama, limejaa, na sura sita dirishani zikimkodolea.

Anapiga makofi. "Mnada, geuza gari!"

"Ndiyo kwanza nimefika!"

"Geuza. Wako wanashuka, wangu wanapanda. Lori libaki hapohapo, halituhusu."

Mnada anatazama lori, anamtazama mwenzake, halafu anatoa sauti yake yote. "Shukeni, shukeni, shukeni! Mabadilishano ya bure!"

Vijana wa karanga wanaingia kazini bila kuambiwa. Mmoja anafagia mawe kwa mguu, mwingine anampa Bibi mkono. Bibi anapita mwanyani pole pole, fimbo mbele. Katikati anakutana uso kwa uso na Bwana Maswali, anayekuja kutoka upande ule na karatasi yake.

"Wewe ndiye mwenye ubao?" Bibi anamuuliza.

"Nadhani mimi. Na wewe ndiye umechukua asubuhi yangu?"

"Nimeichukua, na ilikuwa nzuri. Nenda ukaangalie ghuba."

Wanatajiana jina la ukoo, lilelile, wanashikana mikono kando ya lori la mchanga. Wajukuu wanataka picha.

"Picha baadaye!" anafoka Kiranja. "Vichwa! Nahesabu vichwa!"

Wanne huku. Sita kule. Na yeye ni mmoja. Anamgeukia Shemeji, aliyesimama kando akiwa ameshika funguo kwa mikono miwili.

"Shemeji, hawa sita ni wako."

"Mimi?"

"Ghuba, halafu kwa shangazi kwa chakula. Shamba la minanasi liko ng'ambo ya lori, mtaliona lori likiondolewa. Utawasimulia."

"Niwasimulie nini?"

"Chochote!"

Mnada anaendesha kama mtu aliyezaliwa ndani ya usukani. Bibi, kiti cha mbele, anamsindikiza kwa "haya, haya!" Kwenye mteremko wa mwisho meli nyeupe inaonekana, moshi ukianza kutoka. Langoni, mzee mkavu amesimama akitazama saa ya mkononi. Ngazi moja tu ndiyo imebaki chini, na mabaharia wawili wameshaishika kamba.

"Bado!" anaita Mnada, kwa sauti iliyokuwa ikiingoja siku hii maisha yake yote. Mabaharia wanageuka. Gati lote linageuka.

Binti na wajukuu wanapanda mbio. Bibi hakimbii. Mguu wa kwanza ukiwa ngazini, anageuka.

"Safari ijayo sitaki meli ya kunifukuza. Nitakuja kwa ndege, nikae. Una chumba?"

"Ninacho," anajibu Kiranja, bila kupepesa.

Ngazi inapanda nyuma ya Bibi. Meli inapiga honi, na Kiranja anakaa kwenye nguzo ya kufungia kamba, anacheka na kulia kwa wakati mmoja, huku Mnada akimpepea kwa kofia.

Jioni, waongozaji wote kumi na wawili wamekusanyika mbele ya lango. Hakuna anayenadi. Msimamizi anatoka, anawatazama mmoja mmoja, anamkazia macho Kiranja.

"Asubuhi umechukua abiria wa meli isiyo yako."

"Ndiyo, mzee."

"Mchana umewarudisha kwa gari lisilo lako."

"Ndiyo, mzee."

Mzee anakohoa. "Msimu ujao leteni mwavuli mkubwa. Jua la humu ndani ni kali kama la nje."

Inawachukua muda kuelewa. Mnada ndiye wa kwanza, na ukelele wake unawarusha kunguru wa bandari nzima. Wanambeba Kiranja juu juu, raba moja inachomoka, mtu anaimba, mwingine ameshapiga simu nyumbani. Hata wafanyakazi wa vyoo wametoka na ndoo zao kushangilia.

Katikati ya shamrashamra hiyo Shemeji anawasili. Lori liliondolewa mapema, hata minanasi wameipata. Bwana Maswali anashuka akifuta machozi ya kicheko.

"Swali moja la mwisho," anamwambia Kiranja. "Ni kweli mumeo alikuwa akiingia vile vyoo mara nne kwa siku ili akuone, hadi walinzi wakadhani anaumwa?"

Kiranja anamgeukia Shemeji polepole. "Umewasimulia hayo?"

"Ulisema chochote."

"Ndiye mwongozaji bora tuliyewahi kumpata," anasema mkwe wa Bwana Maswali, yule wa tumbo. Shemeji anatazama viatu vyake, mdomo umejaa tabasamu.

Meli ya buluu nayo imeondoka, taa zikiwaka. Kiranja yuko nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, nyumba imejaa: mume, Shemeji anayeishi nao, shangazi aliyekuja na mabaki ya chakula, majirani watatu waliosikia habari na wawili waliotaka kuisikia tena. Simu inatoa mlio. Ujumbe umetumwa kutoka baharini: watu wanne, wiki mbili, mara baada ya msimu wa mvua. Bibi anataka chumba chenye dirisha.

Kiranja anausoma kwa sauti, mara mbili. Kwa miaka sita amehudumia wageni wa saa chache, wanaokula kwa haraka na kuaga kwa haraka. Mpango wake, anasema, ni kuwa na wageni wanaolala, wanaoamka, wanaouliza chai iko wapi. Kwanza chumba kimoja. Kikijaa, mumewe ataongeza cha pili kwa mbao zake mwenyewe.

"Nyumba hii ina chumba gani cha dirisha?" mume anauliza.

Kiranja anatoa mguu mmoja kwenye beseni, anaupangusa, na sauti yake inalainika ghafla.

"Shemeji. Nimekupenda sana leo."

Shemeji anaacha kutafuna. "Unataka nini?"

"Kitanda chako tutakihamishia sebuleni kesho asubuhi."