Pampu za Mgodi wa Mlimani
Ofisini walimpachika jina la Kwa Nini, maana hakuna mchoro uliopita mezani kwake bila kuulizwa swali hilo. Wengine alishawachosha. Yeye wala hakujali; akianza kudadisi jambo, hata chai ilimpoea mkononi.

Safari hii ilikuwa michoro ya mgodi mpya. Wenye mali walishasema wazi: gharama zisiposhuka, mradi unafungwa kabla haujaanza. Wenzake wakawa wanapunguza rangi hapa, uzio pale. Yeye aling'ang'ania pampu kubwa za kusukuma tope la mawe yaliyosagwa, kutoka kwenye mashine hadi bwawani.

"Kwa nini tunazo?"

"Si zipo kwenye mchoro wa zamani," mkuu wake alijibu.

Akaufukua huo mchoro wa zamani. Mgodi ule ulijengwa uwandani, pasipo hata kichuguu. Huu wao ulikuwa mlimani, mashine juu na bwawa chini! Watu wazima na akili zao walikuwa wamenakili kila kitu, pampu zikiwemo, na yeye akiwa miongoni mwao. Alicheka mpaka akaona aibu.

Jioni alibeba vipande vya bomba hadi kwa kaka yake, fundi pampu, akavilaza kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Kaka akakoroga mchanga na maji kwenye ndoo, likawa tope.

"Litakwama hilo, dada."

"We mimina tu."

Likakwama kweli. Wakanyoosha kona, wakainua bomba kidogo, wakamimina tena. Wifi yake alitoka kulalamikia uchafu, akajikuta amechuchumaa kutazama, kisha akarudi jikoni akiguna. Hatimaye tope likashuka lenyewe, taratibu, likajaa beseni la chini. Kaka akapiga makofi.

"Kumbe pampu hazihitajiki kabisa?"

"Hata moja!"

Makofi yakakatika. Kazi aliyoahidiwa kaka kwenye mgodi ule ilikuwa ya kutunza pampu. Dada mtu alikuwa ameisahau kabisa, jinsi udadisi ulivyomteka.

"Kaka, naweza kuziacha..."

"Ukiziacha, mgodi utajengwa?"

Alitikisa kichwa.

"Basi peleka mchoro wako." Kaka aliinamisha ndoo, akamwaga masalia. "Ila wifi yako utamwambia wewe. Mimi siwezi. Ameshawatangazia majirani wote."

Dada akanawa mikono, akaingia jikoni. Wifi alikuwa ameshampakulia chakula.