Soksi za Mlisha Panya

Ijumaa iliyopita, kabla hatujatoka msikitini, tulitangaziwa kwamba mlisha panya amefariki. Ndivyo tulivyomwita hapa Bagamoyo, naye akiitika kwa kicheko. Mimi sikusoma sana, na huenda haya nayapima vibaya, lakini nimekaa nayo wiki nzima na hayatoki kifuani. Siku zake za mwisho tuliambiwa ana mtoki, uvimbe wa kinenani. Nikaitwa kumimina maji wakati wa kumwosha, na alipovuliwa soksi nikauona unyayo wa kulia umekuwa mweusi wote, umechimbika. Ya maiti husitiriwa, najua. Mkewe ndiye aliyeniruhusu kuandika.

Soksi hizo zilituchekesha mno. Alizivaa hata joto likiwaka, na akitawadha alipangusa maji juu yake tu. Katika sala, sisi wa safu ya nyuma huziona nyayo za walio mbele, kumbe hilo ndilo alilokuwa akilikwepa. Sisi tukadhani kahamia kwa watu wa mambo mapya, wale wanaoruhusu kupangusa soksi. “Sheikh wa soksi, fatwa hiyo umeipata wapi?” muuza kahawa alimchokoza. “Mguu wenye baridi ni wangu, wewe kinakuwasha nini?” akamjibu. Tukacheka, naye akarudi kwenye hadithi ya panya wake. Aliwatunza kwenye jengo la watafiti, njia ya kwenda Mlingotini. Panya wale walipandikizwa saratani ya ngozi mguuni, kisha paja likafungwa kwa mpira, dawa kali ikazungushwa mguuni tu isifike moyoni. “Uvimbe unayeyuka, jamaa! Jana alikuwa anaburuta mguu, leo ananiparamia mkononi!” Alisimulia kama mtu aliyemwoza binti yake.

Daktari aliyeongoza utafiti ule alikuja mazikoni, na kwa haki alilia. Nikamvuta pembeni. “Daktari, mguu wake uliuona?”

“Niliuona mapema, doa la saratani ileile likiwa dogo. Nikamwambia aende Dar akakatwe.”

“Na habari ya panya kupona ulimwambia?”

“Wanapona kweli. Ila kwa binadamu bado hatujafika.”

“Hilo la bado ulimwambia?”

“Nilidhani analijua. Si ndiye aliyekuwa akiwalisha?”

Mkewe ana yake. “Shemeji, kila nikimwambia twende Dar, alisema wakate mguu wa nini, na dawa naiona kwa macho yangu? Akasubiri zamu yake.” Zamu hiyo haikuwapo. Utafiti ulipofikia mwisho jengo lilifungwa, na yeye akabaki na soksi zake.

Nimejaribu kumtetea daktari, na naweza: ushauri alioutoa ulikuwa wa kweli. Nimejaribu kumlaumu marehemu kwa kutuficha, na hapo pia naweza, maana sisi ni wenzake, tungembeba hadi hospitali. Lakini nikipima tena, bado naona alisalitiwa. Panya akivimba mguu alitazamwa siku ileile; yeye aliyewatazama aliachwa afahamu mwenyewe kwamba hayumo. Anayeleta tiba ya kujaribiwa kwetu, pamoja na kutuonyesha inavyofanya kazi, amwambie hata mlisha panya wake bila kuzunguka: hii bado si yako, nenda ukatibiwe leo.

Nilipomuuliza mkewe kama niandike, alikuwa anaanua soksi kambani. “Andika,” akasema. “Mwenye doa asije akasubiri panya.”