Sahani Niliyoikataa Nuu

Niliondoka Kibwezi Alhamisi moja ya mwezi wa nane kwenda kumwomba msamaha mama mkwe wangu, kwa sababu nilikuwa nimemsingizia kwamba alimuua mtoto wangu. Ninalisema mapema ili msomaji asianze kunihurumia.

Miaka minane iliyopita mwanangu wa kwanza, Mumo, alifia kwa nyanyake huko Nuu akiwa na miaka mitatu. Asubuhi alikuwa mzima, anafukuza kuku. Kufika saa sita midomo ilikuwa imefura, macho yamezibika, anatapika na kuvuta pumzi kwa shida. Tulimkimbiza zahanati kwa pikipiki, tukafika amekwisha kukata roho. Siku ya mazishi mama mkwe aliniletea sahani ya chakula kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya waombolezaji. Niliisukuma nikasema, "Mimi sili tena kwa nyumba hii." Sikusema zaidi, na kwetu Ukambani hakuhitajiki zaidi. Anayekataa chakula cha mtu siku kama ile amekwisha kumtaja mchawi. Hakuna aliyeniuliza nilimaanisha nini.

Baadaye nilimzaa Faith. Kwa desturi binti wa kwanza huitwa jina la mama ya babake, na mama ya mume wangu anaitwa Kasyoka. Nilikataa. Mume wangu, Mutua, hakubishana nami. Kila Krismasi alienda Nuu peke yake, akarudi bila habari.

Mwaka huu, Faith akiwa na miaka sita, mwalimu wa watoto kanisani aligawa mkate uliopakwa siagi ya njugu. Mtoto alimeza vipande viwili. Nilipoitwa nilikuta uso wa Mumo juu ya mwili wa Faith. Bahati hospitali ilikuwa karibu, akachomwa sindano, pumzi ikarudi. Daktari aliniambia ni mzio, hiyo aleji tunayoisikia tu redioni, na kwamba njugu kidogo tu zinaweza kumuua. Kisha akauliza kama nina mtoto mwingine. Nikamweleza habari za Mumo.

"Siku hiyo alikuwa amekula nini?"

Sikuwa nimejiuliza swali hilo hata mara moja. "Njugu," nikasema. "Nyanyake alikuwa amemkaangia njugu."

Daktari alisema hawezi kumpima mtoto aliyezikwa, kwa hivyo hawezi kuapa. Lakini aliweka kalamu chini, nami nikaelewa. Tangu msiba sikuwahi kuingiza njugu nyumbani kwangu, maana zilinikumbusha Nuu. Chuki yangu ndiyo iliyomlinda Faith miaka yote hiyo, na hadi leo sijui nilichukueje jambo hilo.

Asubuhi ya kuondoka nilipakia mfuko ambao sasa hautuachi: sufuria ndogo, kijiko, kikombe cha bati, mwiko wa Faith peke yake, kipande cha sabuni, dawa ya maji, na sindano ambayo daktari alinifunza kuichoma pajani. Mutua alitusindikiza hadi stendi. Nilimsihi twende pamoja.

"Mimi siendi," akasema. "Wewe ndiye ulisema. Enda wewe ukaseme tena." Alikuwa amempigia mama yake simu kumwambia tunakuja, na kwa ombi langu hakumwambia kwa nini. Nilitaka asikie kutoka kinywani mwangu. Hilo lilikuwa kosa langu la pili.

Saa nane mchana, baada ya kupita Ikutha na Mutomo na kubadilisha gari Kitui, tulifika Tulia kwa dada yangu Mwikali, ambaye huuza nafaka sokoni. Njia yote nilikuwa nimempangusa Faith mikono kila gari liliposimama, maana wauza njugu huja madirishani na vifuko vyao vya karatasi, na abiria hula na kushika viti. Kwa Mwikali nilipika mwenyewe, kwa sufuria yetu, kwenye mafiga matatu aliyoniwashia nje. Aliniangalia kama anayeangalia mtu anayefua nguo safi.

"Hii ni sawa?" Faith alimuuliza shangazi... la, kwetu ni mama mdogo. Alimuuliza mama yake mdogo kuhusu ndizi, kisha kuhusu maji, kisha kuhusu mkeka wa kukalia. Hivyo ndivyo anavyosalimia vitu siku hizi.

Mwikali alinivuta kando. "Hiyo ya daktari ni ya daktari," akasema. "Lakini huyo mama watu wanamjua. Hakuna mtu anakulanga kwake."

"Wanamjua kwa sababu yangu."

"Sawa. Enda tu. Lakini usiache huyo mtoto na yeye."

Ijumaa asubuhi tulikuwa Mwingi. Faith alikuwa na njaa, nikaingia kwenye hoteli ya mama mmoja Msomali karibu na stendi. Nilimuuliza anakaanga na mafuta gani na kama njugu huingia jikoni kwake. Alinionyesha mtungi wa mafuta, akaosha kikaango upya mbele ya macho yangu, akampikia Faith mayai mawili.

"Uliza tu, mama," akasema. "Mimi mtoto yangu iko na pumu. Hata mimi naulizanga kila mahali."

Nilikunywa chai nikiwaza jinsi ilivyo rahisi kumuuliza mgeni. Hotelini unauliza, unajibiwa, unalipa. Nyumbani kwa mkwe swali lilelile ni mashtaka.

Kutoka Mwingi kwenda Nuu tulipanda gari dogo. Barabara ilikuwa vumbi jekundu na mito ya mchanga mtupu, na mashamba yalikuwa yamebaki mabua. Mzee aliyekaa kando yangu alifungua njugu, nikamwomba azifunge. Alizifunga, akauliza tunaenda kwa nani.

"Kwa Kasyoka, mama ya Mutua."

Aliangalia nje. Kisha akasema, "Mimi ni jirani. Boma letu linapakana na lake." Alimtazama Faith tena na tena, na mlangoni mwa boma aliteremka pamoja nasi, akabaki penye ua na kofia mkononi. Kina mama wawili waliokuwa wakirudi na mitungi nao walisimama. Habari ya kuja kwetu ilikuwa imetutangulia.

Mama mkwe alitoka nje. Nilimwacha mwanamke mnene wa sauti kubwa. Aliyetoka alikuwa mdogo, shingo imebaki mishipa.

"Mama Mumo," akasema. "Umefika."

Kibwezi naitwa Mama Faith. Jina lile sikuwa nimelisikia tangu mazishi. Tuliongea Kikamba, nami naandika hapa kadiri ninavyoweza. Lakini kabla sijamjibu alikuwa ameinama kwa Faith, na mkononi ana bakuli. Lilikuwa na njugu, zimekaangwa, nyingine amekwisha kuzimenya. Alikuwa ametengeneza kile alichojua watoto wanapenda.

Nililipiga lile bakuli. Njugu zilitawanyika uani, nikamnyakua Faith nikarudi naye nyuma hadi kwenye ua, nikipiga kelele, "Usimpe! Usimpe kitu!"

Wale walio penye ua walikuwa wakitazama. Miaka minane nimekaa bila kutia mguu pale, na neno langu la kwanza lilikuwa lilelile la mwisho. Mama mkwe alibaki ameinama, mikono mitupu, kama bado amelishika bakuli. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na ilikuwa yangu yote.

Nilimketisha Faith juu ya jiwe mbali na njugu, nikamwambia asishuke. Kisha nikasema kwa sauti, ili walio nje wasikie. Nikasema nilikuja kuomba msamaha. Nikasema hakukuwa na sumu wala uchawi, nilikosa, nilimharibia jina mtu asiye na hatia. Nikaeleza mzio ni nini, kwamba kuna watoto ambao mwili wao hukataa njugu hata wakafa, kwamba Faith ni mmoja wao na Mumo bila shaka alikuwa mmoja wao. "Si sumu, mama," nikasema. "Ni njugu zenyewe."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kwa machozi pia. Sikuwa nimejiandaa kwa swali lake.

"Njugu zipi?"

"Zile alizokula siku ile."

"Zile nilimmenyea mimi," akasema polepole. "Alikuwa amekaa hapa, juu ya mkeka. Namenya, anafungua mdomo. Namenya, anafungua mdomo." Aliangalia vidole vyake. "Kwa hivyo ni mimi."

Nikasema hapana, hakujua, hakuna aliyejua. Nilisema mengi. Hakuna hata moja lililomfikia.

Saa saba nilikula. Alikuwa amepika muthokoi, mahindi yale ya kukobolewa kwa kinu, na kuku, nami nilikaa nje mahali wote waliweza kuniona nikamaliza sahani yote na kuomba nyingine, kisha nikanawa hadi viwikoni kabla ya kumgusa Faith. Faith alikula wali wetu wa sufuria yetu. Mama mkwe alimpelekea yule mzee jirani kikombe cha chai pale penye ua. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Mama mkwe alipogeuka, nilimwona akikimwaga taratibu nyuma ya ua. Mlo wangu mmoja haukuwa umefuta kitu.

Jioni jua likiwa bado juu, mama mkwe aliokota njugu zote uani, moja moja, akafagia mara mbili. Halafu akaingia stoo akatoka na gunia la mbegu, njugu alizoweka za kupanda mvua ya mwezi wa kumi, akalikokota kuelekea chooni. Nikamwambia asizitupe, awape majirani.

"Nani atapokea?" akasema.

Nilisikia zikianguka shimoni. Alinawa kwa majivu, kisha kwa sabuni yetu, kwa maji ambayo hufuatwa mbali. Usiku huo tulilala kwake, na hakumgusa Faith hata nywele.

Jumamosi asubuhi tulifunga mizigo. Babake alikuwa amemfunza Faith jinsi wazee wa Nuu wanavyobariki mtoto anayesafiri: susu, yaani nyanya, hutema mate kidogo kwenye viganja vya mtoto, naye hujipaka kifuani. Walokole wengi hawaipendi tena desturi hiyo, ila Mutua aliipenda, maana ndivyo alivyoondoka nyumbani yeye. Faith alikwenda akasimama mbele ya nyanyake, akanyoosha viganja viwili.

Mama mkwe alirudi hatua tatu, akaficha mikono nyuma.

"Mwambie akunje mikono."

"Mama, hujala njugu tangu jana," nikamwambia. "Daktari alisema mtu akisafisha kinywa na kukaa saa kadhaa, hakuna ubaya. Mbariki tu."

"Uliposema mimi ni mchawi," akasema, "nilijua ni uongo. Watu waliacha kuja, waliacha kula, nami nililala, kwa sababu nilijua. Sasa umeniletea ukweli. Nitalala na nini?"

Nilisema tutampa Faith jina lake, aitwe Kasyoka, kama ilivyostahili tangu mwanzo. Alitikisa kichwa. "Mwache na lake."

Faith bado alikuwa amenyoosha mikono, maana hakuna aliyemwambia kwa nini asifanye hivyo. Mama mkwe akambariki akiwa mbali, kwa maneno yote ya zamani: akue, azae, asikanyage mwiba. Alipofika mahali pa kutema, alitema kando, kwenye vumbi. Kisha akapafukia kwa mguu, akapakanyaga vizuri, mtoto asije akapapitia.

Jumapili jioni tulifika Kibwezi. Mutua alikuwa stendi. Alichukua mfuko, akampangusa Faith mikono kwa kitambaa kama tulivyozoea, akaniuliza alisema nini.

"Alisema ni yeye."

Alisimama palepale na mfuko wetu wa sufuria begani, watu wakitupita.

Nilitoka nyumbani nikidhani nimebeba kitu cha kumrudishia mwanamke niliyemnyang'anya. Nimejifunza kwamba miaka ile yote alikuwa na kitu kimoja ambacho sikuwa nimekifikia, na nimesafiri siku mbili kwenda kukichukua hicho nacho. Singeweza kunyamaza, Faith angelishwa njugu pale siku moja, kwa upendo uleule. Lakini ukweli nilioupeleka haukumponya mtu.

Tangu turudi nampigia mama mkwe simu kila Jumapili. Huuliza mtoto amekula nini, kisha husikiliza nikitaja kila kitu, kimoja kimoja, hadi mwisho. Wiki iliyopita Faith alininyang'anya simu akamuuliza atamtemea mate lini.

Niliinamisha sikio karibu na simu. Kisha nikamsikia akimuuliza Faith kama mikono yake ni safi.